Asali Isiyomjua Nyuki

Kosa ninalotaka kulianika mbele yenu, vijana, ni kuridhika na jina la kitu. Mtu hupewa jina, akalipokea, akaifunga akili yake hapo, akadhani amekwisha kujua. Kosa hili halina kelele. Mwongo anajijua kuwa ni mwongo, na mwizi hutazama nyuma yake. Lakini aliyeridhika na jina hulala usingizi mzuri, naye anaweza kumharibia mwenzake maisha kabla ya chai ya asubuhi. Nimeliona likitendeka mahali ambapo kuuliza ndiyo kazi tuliyolipwa mshahara kuifanya, na ndiyo maana sina huruma nalo.

Nilifanya kazi katika maabara ya kupima vyakula huko Hounslow, London, tangu mwanzo wa miaka ya tisini hadi ilipofungwa katika miaka ya elfu mbili. Nilistaafu kabla ya umri wa kustaafu, kwa kuwa hadubini ilikuwa imekwisha kunila macho. Msiniweke basi katika kundi la vikongwe. Nina nguvu za kutosha kuwagombeza. Wakaguzi wa halmashauri walituletea vitu walivyovitilia shaka madukani: pilipili ya unga yenye rangi isiyo yake, samli iliyochanganywa na mafuta mengine, na asali. Asali ilikuwa nyingi kuliko vyote, maana hakuna chakula ambacho watu hupenda kukighushi kama hicho.

Aliyenifundisha kazi ni mwanamke wa Wales, mkemia wa miaka mingi, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa dini. Nilimwita Bi Prys, naye akalipenda hilo "Bi" hata akawa anajitambulisha nalo kwenye simu. Siku ya kwanza aliniwekea mbele chupa ya asali na kijiko.

"Zuwena, hii ni nini?"

"Asali."

"Nani kakwambia?"

Nikatazama kibandiko cha chupa. Akakigeuza upande wa ukuta. "Hicho kimeandikwa na mtu. Mimi nakuuliza wewe."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yake. Kwanza nusa, halafu tazama, ndipo upime. Asali iliyoganda haijaharibika wala haikutiwa sukari. Ni tabia yake kuganda, na anayeikataa kwa sababu hiyo anaikataa iliyo bora. Ukitaka kuiyeyusha, iweke katika maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia, usiibandike motoni, kwa kuwa moto huua ndani yake vile unavyotaka kuvipima. Koroga polepole, usiingize hewa. Na mizani usiisome ndege inapopita. Hounslow iko chini ya njia ya ndege za Heathrow, na kila moja iliposhuka sindano ya mizani ilicheza kama mtoto aliyeitwa jina lake. Tulikuwa tukipima baina ya ndege na ndege. Wageni walipotuuliza mbona tunasimama kimya katikati ya kazi mikono ikiwa hewani, Bi Prys aliwajibu kwamba ni wakati wetu wa sala.

Kulikuwa na kifaa kimoja alichokipenda kuliko vyote, kama darubini iliyolazwa. Ndani yake hupita nuru iliyochujwa ikabaki na mwelekeo mmoja. Ukiipitisha nuru hiyo katika asali ya nyuki iliyotiwa maji, hupinda kushoto. Ukiipitisha katika sukari ya mua, hupinda kulia. Zipo asali chache za msituni zinazokaidi sheria hiyo, kwa kuwa nyuki wake hawakwenda kwenye maua bali walilamba utomvu mtamu uliotapakaa juu ya majani; lakini kwa kawaida kushoto ni nyuki, kulia ni mua. Bi Prys alinisimulia, bila kuona haya, jinsi alivyowahi katika ujana wake kuandika kwamba asali ya mkulima mmoja ni ya uongo, kumbe katika bomba la kioo alikuwa ameacha povu moja dogo la hewa.

"Povu," alisema, "dogo kuliko kichwa cha pini. Nalo lilikuwa na cheo kikubwa kuliko mimi, maana ndilo lililotia sahihi."

Kila kipimo alikifundisha kwa kisa kutoka maisha ya mtu mmoja, mkemia wa karne ya kumi na tisa aliyetumia umri wake kuchunguza nyuki na kilimo. Alimwita Bwana wa Nyuki, hakumpa jina lingine, nami sikumdai. Alikuwa mtoto wa msaga nafaka aliyetumwa mjini kujifunza kazi ya mfamasia, akarudi mashambani na chupa zake. Wakulima walipolalamika kwamba ardhi imechoka, yeye alichoma ngano yao, akapima majivu yake, akawaonyesha kile ambacho mmea ulikuwa umekinyonya kutoka ardhini na ambacho wao hawakuwa wamekirudisha. Walimcheka. Mtu aliyechoma ngano ili aifahamu alionekana kwao mwendawazimu wa hali ya juu.

Kisha akageukia nyuki. Wataalamu wa wakati huo walikuwa wakibishana: nta, nyuki huiokota kwenye maua ikiwa tayari, au huitengeneza mwenyewe mwilini? Bwana wa Nyuki hakuandika makala ya kubishana. Aliwafungia nyuki ndani, mbali na ua lolote, akawalisha sukari tupu iliyoyeyushwa, akangoja. Wakajenga masega. Basi nta ilitoka mwilini mwao, na nyuki, kama alivyopenda kusema Bi Prys, akathibitishwa kuwa mkemia mwenzetu asiye na cheti.

Lakini kijijini walimwona akinunua sukari, wakamwona akiipeleka mizingani, wakampa jina: muuza asali ya uongo. Mizinga ile ya majaribio hakuuza hata tone lake. Aliwaita majirani waje watazame kwa macho yao. Akaja mmoja tu. Waliobaki walikuwa na jina tayari, na jina liliwatosha.

"Mmoja tu, Zuwena," Bi Prys aliniambia akifuta kioo. "Na kijiji kilikuwa kando ya mlango wake."

Nawasimulia haya ili mjue kwamba maabara yetu haikuwa ya wajinga. Tulilelewa kwa visa vizuri. Hata hivyo kisa kizuri hakimzuii mtu kukosea. Humwondolea udhuru tu.

Katikati ya miaka ya tisini tuliletewa mashine mpya, kubwa kama kabati la nguo, iliyopima uzito wa kaboni iliyomo ndani ya sukari. Mua hujilisha hewa kwa namna isiyofanana na ile ya maua mengi, na tofauti hiyo haifutiki hata ukiuchemsha, hata ukiuchuja. Pamoja na mashine akaja mkuu mpya, Bwana Whitcombe, msomi, msafi, mwenye haraka. Sitawaambia kwamba alikuwa mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Alitufundisha mengi, na mashine yake ilinasa waongo ambao nuru yetu ya kushoto na kulia isingewanasa kamwe. Tatizo lake ni kwamba mashine ilipojibu, yeye aliacha kuuliza.

Siku moja mkaguzi akaleta chupa kutoka duka moja la Kenton. Ilikuwa na asali nyeusi, nzito, na kibandiko kilichoandikwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa mkono ulio safi: Pure Pemba Honey. Mashine ikatoa jibu lake, na Bwana Whitcombe akaja nalo mezani kwetu akitabasamu kama aliyefunga bao.

"Mua," alisema. "Wote mua. Hamna hata harufu ya nyuki humo. Mnajua nimeona waghushi wangapi? Lakini huyu ana ujasiri. Kaandika 'pure'."

Niliinusa ile chupa, nikarudi utotoni. Ilikuwa asali ya mua, ile ambayo Pemba huchemshwa katika sufuria pana mpaka maji ya mua yawe mazito na meusi, ikamiminwa juu ya chila, vile vibibi vyetu vya unga wa mchele, asubuhi. Nasi kwetu, kama wazee wenu watakavyowaambia mkiwauliza, asali ni jina la kila kitu kitamu kinachomiminika kizito: iko asali ya mua, iko asali ya tende, na ukitaka ile iliyotengenezwa na nyuki huna budi kumtaja nyuki mwenyewe, ukasema asali ya nyuki. Mtu wa Pemba akiipika asali ya mua bila kutia kitu kingine, ataiita asali safi, naye atakuwa amesema kweli tupu.

Nikamweleza Bwana Whitcombe.

"Kamusi yangu," alijibu, "inasema asali ni honey."

"Kamusi imesema nusu, bwana."

"Zuwena, kibandiko hakikuandikwa kwa Kiswahili. Kimeandikwa kwa lugha ya mnunuzi. Aliyeandika 'honey' anajua honey ni nini." Kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu anayefunga mjadala: "Unamjua aliyeitengeneza?"

Nikasema ninamjua. Jina lilikuwa chini ya kibandiko: Raya. Pemba wako Raya wengi, lakini aliyekuwa akiwaletea watu asali ya mua kutoka kwa ndugu zake kila aliposafiri nilimjua ni mmoja. Tulikutana harusini na misibani. Bwana Whitcombe akaniondoa katika kazi ile, akanikataza kuzungumza na Bi Raya habari yake, na katika hilo alikuwa na haki. Kanuni ni kanuni. Mpimaji hampimii jamaa yake.

Sasa mfahamu lililokuwa hatarini. Bi Raya hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mjane aliyetunza wazee katika nyumba ya wazee huko Stanmore: aliwaogesha, aliwalisha, aliwasikiliza wakirudia kisa kile kile. Kazi hiyo hapewi mtu aliyetiwa hatiani kwa udanganyifu. Cheti chetu kikisema asali imeghushiwa, halmashauri ingempeleka mahakamani. Na akihukumiwa, mlango wa kila nyumba ya wazee ungefungwa mbele yake. Asali alikuwa akiiuza kwa sababu watu waliililia. Kazi ndiyo iliyokuwa maisha yake.

Nilikutana naye kwenye maulidi, katika ukumbi wa kukodi, wanawake wakipanga sahani. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu, hivi wewe si ndiye unayepima asali huko Hounslow?"

"Ndiye, Bi Raya."

"Basi amekuja mtu dukani kachukua chupa yangu. Naambiwa mimi mwizi. Mimi! Asali nimeipika na dada yangu kwa mikono hii, moshi umenitoa machozi, sikutia hata maji. Hebu niambie, imekutwa na nini?"

"Siwezi kusema, Bi Raya."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimekatazwa."

Akanitazama tangu ushungi mpaka viatu. "Ama kweli mmesoma. Mtu anakuuliza kosa lake, unamwambia umekatazwa. Kwani ulimi wako nao umeajiriwa na Mzungu?"

Bintiye, aliyezaliwa London, alikuwa amesimama karibu na mrundo wa sahani. Yeye huelewa kila neno la mama yake na hujibu kwa Kiingereza. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, kigumu, neno moja moja: "Mama, muache. Mimi ndiyo niliandika." Mama yake alikuwa amemwambia andika asali safi ya Pemba, naye akaandika kama alivyofunzwa shuleni: safi ni pure, asali ni honey. Kwa mtoto aliyekulia mji ambao asali yake yote ni ya nyuki, tafsiri ile haikuwa na doa.

Nikaenda kuosha mikono. Kunyamaza kwa haki ni kuzito vilevile kama kunyamaza kwa woga, na anayekuona hana njia ya kuvitofautisha.

Maabarani, chupa ilikuwa imepewa Bi Prys aithibitishe. Yeye alikuwa karibu kustaafu, mashine ile hakuipenda, lakini hakuwa mtu wa kubisha kwa chuki. Aliichukua asali, akaiyeyusha, akaiweka chini ya hadubini, akakaa nayo mpaka chai yake ikapoa. Kisha akamwita Bwana Whitcombe, nami nikiwa kwenye meza yangu nikapima unga wangu na kusikiliza.

"Nuru inapinda kulia," alisema. "Mashine yako imesema kweli."

"Basi saini."

"Ngoja. Nimetafuta chavua ya maua. Hamna hata chembe. Nimetafuta nta, hamna. Nimeona nyuzi za mua, nzuri kabisa, hazikuchujwa sawasawa. Umewahi kumwona mghushi wa asali asiyetia hata kijiko cha asali?"

"Huyu ni mghushi mvivu."

"Mghushi mvivu hununua sukari dukani. Huyu kakamua mua, kauchemsha siku nzima. Mtu gani anafanya kazi kubwa namna hiyo ili aseme uongo mdogo?"

Bwana Whitcombe akasema kwamba kazi yetu ni kupima kilichomo ndani ya chupa. Kilichomo moyoni mwa muuzaji hakituhusu. Bi Prys akajibu kwamba amesema sawasawa, na ndiyo maana neno "imeghushiwa" yeye hataliandika, kwa sababu lenyewe linahusu moyo. Ataandika: hii si asali ya nyuki, ni maji ya mua yaliyochemshwa yakawa mazito, hayakutiwa kitu kingine. Na kabla ya hapo mkaguzi arudi dukani aulize swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kitu hiki ni nini?

Walivutana. Ndege mbili zikapita, nasi sote tukanyamaza kwa mazoea mpaka zikaisha, na nadhani ukimya ule ulisaidia. Bwana Whitcombe akasema, "Haya, swali moja." Tangu siku hiyo nilimheshimu zaidi, maana mwenye cheo kurudi nyuma hatua moja ni jambo ambalo wengi hufa bila kulijaribu.

Lakini cheti chenye maneno mazuri kisingetosha. Kibandiko bado kilisema honey, na mtu fulani alikuwa amekiuza. Yaliyotokea dukani nilisimuliwa na Bi Raya baada ya shauri kwisha; alikuwapo, ameitwa kujibu. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo, mmoja wa wale waliotoka kwetu zamani wakafungua maduka Kenton, na mkaguzi alikuwa amekwisha kumwonyesha njia rahisi. Alimwambia: "Wewe uliletewa chupa zimeandikwa honey, ukaamini ni honey. Siyo?"

Fikirini vizuri jambo hilo, vijana. Neno moja lilihitajika, ndiyo, na lawama yote ingemhamia mjane, na duka lingebaki safi. Bi Raya alianza kujieleza kwa Kiingereza chake cha nyumba ya wazee. Mwenye duka akamkatiza kwa Kiswahili.

"Bi Raya, tulia wewe kidogo. Hapa dukani mwenye kusema mimi."

Kisha akamgeukia mkaguzi. "Sikuamini ni honey. Mimi nimezaliwa Wete, Pemba. Hiki kitu nimekula kabla sijaota meno. Ni asali ya mua, na huyu mama aliponiletea aliniambia asali ya mua, kwa maneno hayo hayo."

"Na kibandiko?"

"Nilikisoma. Nilijua kimekosewa."

"Ukaiweka rafuni hata hivyo?"

"Wateja wangu wanaonunua hii wanajua ni nini. Nikaona uvivu kuandika kingine. Mama huyu hasomi Kiingereza vizuri, bintiye hajaona mua maishani mwake. Mimi nasoma lugha zote mbili na duka ni langu. Andika jina langu."

Mkaguzi akamtahadharisha kwamba anajitia mwenyewe katika kosa la kuuza kitu kwa jina lisilo lake, hali anajua. Akasema amesikia. Wanawe, waliokuwa wakimsaidia kaunta, walimpigia kelele kwa Kigujarati mbele ya wateja, naye akamsubiri mkaguzi aandike.

Alipewa onyo rasmi lililobaki katika rekodi ya duka, na kwa muda mrefu wakaguzi walimtembelea mara nyingi kuliko majirani zake. Shauri la Bi Raya likafungwa. Aliendelea na wazee wake wa Stanmore mpaka alipochoka kwa hiari yake. Alinisamehe ulimi wangu, ingawa kila harusi aliwaambia wenzake wanipe kijiko niwapimie biriani.

Kumbukeni kwamba watu wote katika kisa hiki walikuwa wakweli. Bi Raya alisema kweli, bintiye alitafsiri kweli, mashine ilijibu kweli, Bwana Whitcombe alisoma jibu kama lilivyo. Kwa ukweli wao wote huo mjane angepotea, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika jina la kitu na hakumuuliza mwenzake alichokishika yeye. Bi Prys aliuliza, na hilo ni jambo kubwa. Lakini swali linataka mtu wa kulijibu, na jibu la kweli mara nyingi humgharimu mwenye kulitoa. Aliyekubali kugharimika alikuwa mwenye duka wa Kenton. Watu wa Pemba walimwita Mhindi wa Wete, wakaridhika na hilo; mimi nilikwenda nikamuuliza. Anaitwa Ramniklal.